Kalamu kazini, mama nyumbani

Msomaji yeyote aliyelelewa katika miji yetu ya pwani, awe wa Lamu, wa Malindi au wa Mombasa, hapana shaka amepata kumwona mama au bibi ameketi ukumbini juu ya mkeka, kofia ya kushona kwa mkono mapajani na sindano kidoleni. Mtoto akilia, kofia huwekwa kando. Chungu kikifurika jikoni, kofia huwekwa kando. Mgeni akipiga hodi, vivyo hivyo. Kisha mambo yakitulia bibi hurudi mkekani, akaiokota kofia yake na kuendelea pale pale alipoachia, bila ya kukosa hata tundu moja.

Aliwezaje kukumbuka alipofika? Jawabu ni kwamba hakuwa na haja ya kukumbuka. Nakshi za kofia zilikwisha chorwa juu ya nguo kabla ya sindano kuanza. Mchoro ndio unaokumbuka, naye kazi yake ni kuutazama na kuufuata. Hata lau angaliugua wiki nzima, binti yake au jirani angaliweza kuichukua kofia ile ile akaimaliza.

Nimeanza na kofia ingawa makala haya yahusu kazi ya kompyuta, kwa sababu siri ya bibi yule ndiyo dawa ya shida moja inayozisumbua nyumba zetu nyingi siku hizi.

Mabinti zetu wengi, na wavulana kadhalika, wamesomea kutunga programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta au simu ifanye nini. Ni kazi ya heshima, na ujira wake si haba. Lakini ina tabia moja isiyomfaa mwenye familia: yapenda kukaa yote kichwani. Mtunga programu aliye katikati ya kazi huwa ameshika mambo kumi kwa pamoja katika fikira zake. Mtoto akimvuta nguo mara moja tu, yote kumi humwagika, na kuyaokota tena huchukua muda mrefu kuliko ule aliompa mtoto. Ndiyo sababu ofisi nyingi za kazi hii zimezoea kumtaka mtu aketi saa nyingi mfululizo, na kumwamsha usiku likizuka la kuzuka.

Binti huyo huolewa, akajaaliwa mtoto. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama mwajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Miezi mitatu ikisha, mtoto hajaweza hata kuketi mwenyewe, na hapo ndipo mvutano unapoanza. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Aghalabu linaloponyoka ni kazi, nayo huenda pamoja na miaka minne ya chuo kikuu na karo ambayo wazazi walijinyima ili kuilipa. Na ikiponyoka nyumba badala ya kazi, basi huo ni msiba ulio mkubwa zaidi.

Je, hapana njia ya tatu? Iko njia moja ambayo watu wa kazi hii wameipita kwa zaidi ya miaka sitini. Ni njia ya kalamu.

KAZI YA KUELEZA

Kila programu huhitaji maelezo. Yako maelezo ya mtumiaji: bonyeza hapa, andika hiki, ukikosea rudi pale. Yako maelezo ya watunga programu wenyewe: sehemu hii yafanya nini, yaunganishwa vipi na ile, na kwa nini aliyetangulia aliijenga hivi wala si vile. Yako pia yale maneno mafupi yanayotokea kwenye kioo cha simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mamilioni ya Wakenya hupeleka na kupokea fedha kwa kufuata mistari michache ya maneno. Mistari hiyo yuko mtu aliyeketi akaiandika, akaipima neno kwa neno, kwani neno moja likiwa na shaka fedha ya mtu yaweza kwenda isikotakiwa.

Kuandika maelezo ya namna hiyo ni kazi kamili yenye watu wake na ujira wake. Mwandishi wa maelezo huichukua programu akaitumia kama mgeni asiyeijua. Huwauliza walioitunga pale asipofahamu, na aghalabu huvumbua kasoro ambazo wao wenyewe hawakuziona. Kisha huandika hatua kwa hatua. Akimaliza humpa mtu asiyejua lolote, akamtazama bila ya kumsaidia. Pale mtu yule anapokwama ndipo maandishi yalipo na kasoro, na hurekebishwa.

Kazi hiyo humfaa sana aliyewahi kutunga programu mwenyewe, maana yeye aijua kutoka ndani. Hakitupi kisomo chake, bali akitumia kwa njia nyingine. Tena ni kazi inayokubali kukatwa vipande. Ukurasa ulioandikwa nusu hukungoja. Mtoto akilia, kalamu huwekwa kando kama ile kofia, na ukirudi wayakuta maneno yako papo hapo, yakikuonyesha ulipofika.

WAMAMA WALIOTANGULIA

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la jana. Mwaka 1842 mhandisi Mtaliano, Luigi Menabrea, alichapisha kwa Kifaransa makala juu ya mashine ya hesabu iliyobuniwa na Mwingereza Charles Babbage. Mwanamke mmoja wa Kiingereza, Ada Lovelace, aliifasiri makala hiyo, kisha akaiongezea maelezo yake mwenyewe, ambayo yalizidi makala yenyewe kwa urefu kiasi cha mara tatu. Yalichapishwa mwaka 1843. Katika maelezo hayo alionyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ile ingeweza kupiga hesabu moja ngumu, na wengi huzihesabu hatua zile kuwa ndiyo programu ya kwanza kuchapishwa duniani. Mashine yenyewe haikupata kumalizika kujengwa. Maandishi ndiyo yaliyobaki.

Wakati ule Ada alikuwa na umri wa miaka 27, na watoto watatu ambao mkubwa wao hakuwa ametimu miaka minane. Kweli, alikuwa mke wa mtu mkubwa na nyumba yake ilikuwa na watumishi, jambo ambalo wengi wetu hatunalo. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba kazi hii, tangu siku yake ya kwanza, ilikuwa ni kazi ya maelezo, na mwandishi wake alikuwa mama.

Wala sisi hatukuwa mbali. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utendi mashuhuri wa mawaidha. Aliandika ili maneno yake yamfae binti hata pale ambapo mama mwenyewe hatakuwapo kumwambia. Hiyo ndiyo nguvu ya maandishi: humwezesha mtu kuwapo mahali asipokuwapo.

MEZA YA CHAKULA

Walioigundua nguvu hiyo katika biashara ya programu walikuwa wanawake wawili, mmoja Marekani na mwingine Uingereza.

Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, Elsie Shutt alikuwa mtunga programu katika miaka ya 1950. Mwaka 1957 alipokuwa mjamzito ilimlazimu kuacha kazi yake. Hakuona sababu ya kuitupa elimu aliyokuwa nayo, basi akaanzisha shirika dogo na kuwakusanya wamama wenzake wenye ujuzi huo, wakawa wakifanya kazi majumbani mwao na watoto wakicheza kando. Kufikia mwaka 1963 habari zao zilikuwa zimeandikwa katika jarida la BusinessWeek.

Wa Uingereza ni yule aliyejulikana baadaye kwa jina la Dame Stephanie Shirley, na kisa chake chataka kusimuliwa kwa utuvu. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, katika nyumba ya baba Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka mitano, alitiwa katika gari moshi pamoja na dada yake wa miaka tisa, wakapelekwa Uingereza kulelewa na watu wasiowajua, ili waepukane na utawala wa Hitler. Alipokuwa mkubwa aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, London, akawa akisoma hesabu jioni baada ya kazi, miaka sita, hata akapata digrii. Lakini kila alipotaka kupanda ngazi alizuiliwa, kwa sababu ni mwanamke.

Mwaka 1962 aliacha kazi, na kwa pauni 6 tu akaanzisha shirika lake juu ya meza ya chakula nyumbani kwake. Mwaka uliofuata alizaa mtoto wake wa pekee, Giles. Watu walimcheka. Wakati ule programu zilitolewa bure pamoja na mashine, na hakuna aliyeamini kwamba zaweza kuuzwa peke yake, sembuse kuuzwa na mwanamke. Barua zake za kutafuta kazi hazikujibiwa, mpaka mumewe alipompa shauri atie sahihi kwa jina la Steve, kama mwanamume. Hapo milango ikaanza kufunguka. Simu ikilia, alikuwa akiwasha ukanda ulionaswa sauti za taipureta, ili anayepiga asisikie kilio cha mtoto akajua kwamba ofisi yenyewe ni nyumba.

Aliwaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa sababu ya ndoa na uzazi. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu. Swali moja aliwauliza wote: je, una simu?

Wala wasidhani vijana wa leo kwamba kila mmoja alikuwa na kompyuta mezani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Programu ziliandikwa kwa penseli. Kwanza mtu alichora juu ya karatasi mpango wa kazi nzima, hatua moja baada ya nyingine. Kisha akaandika maagizo yenyewe kwa herufi na tarakimu, akatia karatasi katika bahasha na kuzipeleka kwa posta. Huko kituoni zilitobolewa katika kadi au ukanda wa karatasi, zikahakikiwa, ndipo zikaribie mashine. Mama aliyeandika alikuwa maili nyingi mbali, pengine akimwogesha mtoto. Karatasi ilikuwa haina budi kujieleza yenyewe.

Hapa ndipo lilipo somo. Kwa kuwa wanawake wale hawakukaa chumba kimoja, hawakuweza kutegemea maneno ya mdomo. Kila kitu kiliandikwa. Mojawapo ya kazi za mwanzo ambazo shirika lilipewa ilikuwa ni kuandika kanuni za jinsi ya kusimamia utungaji wa programu. Wakaziandika, wakazifuata wao wenyewe, wakawa wakilipwa miaka baada ya miaka kuzisahihisha, na mwishowe jumuiya ya kijeshi ya NATO ikazichukua na kuzitumia. Na ndege ile ya Concorde, iliyopita mwendo wa sauti, programu za kisanduku chake cha kunasa habari za safari zilitungwa na wanawake hao hao, majumbani mwao.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hao walituonyesha kwamba hata kazi ni mali. Ikikaa kichwani mwa mtu, mtu huyo hawezi kuondoka. Yeye ndiye daftari, na daftari halipewi ruhusa. Ikiandikwa vizuri, mtu yuko huru kwenda kumnyonyesha mwanawe, na kazi haisimami.

MZIGO HAUANDIKIKI

Lakini itakuwa ni kumdanganya msomaji kukikatiza kisa hapa. Giles alipokuwa na umri wa miaka miwili na nusu, maneno machache aliyokuwa ameanza kusema yalitoweka, wala hakupata kusema tena. Alikuwa na otizimu kali. Kadiri alivyokua ndivyo ilivyokuwa vigumu kumtunza, hata mama yake, akiwa anaongoza shirika kubwa huku akimuuguza mwana, alielemewa, yeye mwenyewe akalazwa hospitali. Giles alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 35.

Shirika lilistawi. Hisa zake nyingi mama huyo aliwagawia wafanyakazi, na shirika lilipoingia katika soko la hisa 70 miongoni mwao wakawa matajiri wa mamilioni. Sehemu kubwa ya utajiri wake mwenyewe aliitoa sadaka, hasa kwa ajili ya watoto walio katika hali kama ya mwanawe. Alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2025, na umri wake miaka 91.

Basi tuelewe. Kalamu yaweza kumwondolea mtu kifungo cha saa na mahali. Haiwezi kumwondolea mzigo wenyewe. Mtoto mgonjwa ni mgonjwa, uwe ofisini au nyumbani, na mama anayefanya kazi mbili chini ya dari moja huchoka sawasawa na yule anayezifanya chini ya dari mbili. Panahitajika mkono wa pili. Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi baina ya wanaume na wanawake katika kazi, na shirika lile la wanawake likalazimika kuajiri wanaume kwa haki sawa. Wako waliocheka, lakini ndani ya kicheko hicho mna hekima: malezi si ya mama peke yake, na baba naye huenda akahitaji kazi inayomrudisha nyumbani mapema.

WAYA CHINI YA BAHARI

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, na mlango wenyewe umepita ufukoni kwetu. Mwaka 1962 daraja baina ya mama na kazi ilikuwa ni posta. Mwaka 2009 waya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, mmojawapo ukitoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Bahari ile ile ambayo majahazi yetu yakiivuka kwa pepo za kaskazi na kusi, sasa maandishi huivuka kabla mtu hajapepesa macho. Kabla ya mwaka huo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya mwendo wa kobe. Leo mtu aliye Mkunazini au Shela aweza kuandika maelezo ya programu iliyotungwa Dubai au London, na aliyeiagiza asijue, wala asijali, kwamba mwandishi ana mtoto mgongoni.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja wa Kuze, Mombasa, aliyekuwa mtunga programu ofisini, na sasa aandika maelezo kwa shirika la London. Baada ya Alfajiri nyumba i kimya; hiyo ni saa moja ya kusoma aliyoandika jana na kuyasahihisha. Kisha ni chai, na wakubwa kwenda skuli. Kuanzia saa mbili, mtoto mdogo akilala, huifungua programu na kuijaribu. Akiamka, kazi huwekwa kando. London waamkapo na kuingia ofisini saa tatu yao, huku kwetu ni saa sita mchana, au saa tano katika miezi yao ya joto. Basi maswali yake hujibiwa mchana, na kikao kikiwapo huwa baada ya Adhuhuri. Baada ya Alasiri watoto wakienda chuoni, hupata saa nyingine. Magharibi ikiadhiniwa, kompyuta hufungwa. Mwezi wa Ramadhani saa za alasiri ni za futari, basi kazi huhamia baada ya daku.

Siku nzima mama huyu hakupata saa nne mfululizo. Amezipata nne za vipande vipande. Kwa mtunga programu vipande hivyo vingekuwa hasara. Kwa mwandishi wa maelezo vyajumlika, kama mishono ya kofia.

Na iko faida nyingine ambayo ni yetu hasa, nayo ni lugha. Mwaka 2004, kwa juhudi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, programu ya ofisini ya OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Walioifanya walilazimika kuyatafutia maneno mamia ya vitu ambavyo havikuwa na jina katika lugha yetu. Kazi hiyo haijesha. Programu zaja kila uchao, na maelezo yake kwa Kiswahili kizuri ni machache mno. Mengi yaliyopo yamefasiriwa ovyo hata mtu akiyasoma hupotea zaidi. Mama wa pwani, aliyelelewa katika Kiswahili kisichopinda na akasoma kompyuta, ana kitu ambacho wengine hawanacho.

TAHADHARI

Mwenye kutaka kuingia njia hii na ayapime kwanza mambo haya.

La kwanza ni ujira. Mahali pengi mwandishi wa maelezo hulipwa chini ya mtunga programu, na wako wanaomdharau wakidhani kwamba kuandika si kazi. Anayelipwa kwa ukurasa huweza kucheleweshewa malipo. Asikubali mapatano ya mdomo. Anayewaandikia wengine mchana kutwa, itakuwa aibu yake mwenyewe kukosa mkataba ulioandikwa.

La pili ni haki. Ile miezi mitatu ya uzazi ni ya mwajiriwa. Anayefanya kazi kwa vipande si mwajiriwa wa mtu, basi akizaa mtoto mwingine, likizo yake ni ile aliyojiwekea akiba. Yafaa ajilipie pia mchango wa uzeeni na wa matibabu, maana hapana atakayemkata mshahara kwa ajili hiyo.

La tatu ni watu wa nyumbani. "Si yuko nyumbani tu!" Neno hilo limewavunja wengi. Kwa kuwa waonekana umeketi, utatumwa dukani, utaachiwa watoto wa shangazi, utaitwa katika shughuli ya jirani tangu asubuhi. Hapo inampasa mume kusema mbele ya jamaa kwamba mkewe yuko kazini kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kuzichunga saa hizo, pengine kwa kumshika mtoto. Dame Stephanie alificha kilio cha mwanawe ili kazi isijue kwamba ana nyumba. Mama zetu wasilazimike kuificha kazi ili nyumba isijue kwamba wana kazi.

La nne ni jipya. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu ambazo zenyewe huandika, tena kwa maneno yanayotiririka. Wako wanaosema mwandishi wa maelezo amekwisha. Kazi imebadilika, hilo ni kweli, na aliyezoea kujaza kurasa tu atapata tabu. Lakini programu hizo huweza kumwambia mtu abonyeze kitufe ambacho hakipo, na kwa sauti ya yakini. Thamani ya mwandishi sasa iko katika kujaribu kwa mkono wake, kumtazama mtumiaji anapokwama, na kuwa mkweli.

Na anayeuliza aanzie wapi, na aanze kidogo. Ziko programu nyingi za bure ambazo watu wa dunia nzima huzijenga kwa kujitolea, na maelezo yake mengi ni mabovu. Achague moja aijuayo, atafute ukurasa unaowapoteza watu, auandike upya vizuri na kuwapelekea wenyewe. Kurasa tano kama hizo, zenye jina lake, ni ushahidi bora mbele ya mwenye kutoa kazi. Na kabla ya hapo afanye jaribio la bure nyumbani: amwandikie mama yake hatua za kutuma picha kwa simu, kisha akae kimya amtazame. Mama akifika mwisho bila ya kuuliza, binti ana kazi mkononi.

Turudi kwa bibi wa kofia. Hakuna aliyepata kumwuliza kama yuko kazini au yuko nyumbani. Swali lenyewe lingemchekesha. Alikuwa ameketi na wajukuu, na kofia iliyotoka mkononi mwake ilivaliwa msikitini siku ya Idi. Alifanikiwa kwa sababu mbili: mchoro ulikuwapo juu ya nguo, na watu wa nyumba yake walijua kwamba sindano ikiwa mkononi ni kazi. Binti zetu wa kompyuta wahitaji mambo hayo hayo mawili. La kwanza waweza kujiandikia wenyewe. La pili latungoja sisi.